Kalamu yangu mpya ya wino inakwaruza. Ninunue nibu ya dhahabu?

SWALI: Shikamoo mwandishi. Nina miaka 26, na tangu nikiwa mtoto nilitamani kuandika kwa kalamu ya wino. Mwezi uliopita nimejinunulia ya kwanza, Pilot Metropolitan yenye nibu, yaani ncha ya kuandikia, nyembamba. Nilidhani itateleza, kumbe inakwaruza, mara wino unakatika katikati ya neno, na daftari linalowa hadi ukurasa wa nyuma. Rafiki yangu anasema nibu za chuma ndivyo zilivyo, nitafute ya dhahabu. Nimsikilize? Pia nina chupa ya wino mweusi wa kuchorea picha. Naweza kuutumia?
Msomaji wenu mwenye vidole vya bluu

JIBU: Marahaba. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Hiyo chupa ya wino wa kuchorea ifunge, na usiruhusu hata tone lake liingie kwenye kalamu. Kalamu yangu ya kwanza nilipewa na mama mkubwa, nami nikaijaza wino wa namna hiyo kwa sababu niliupenda weusi wake. Wino mwingi wa wachoraji huwa na shelaki, ile gamu ya wadudu ambayo ikishakauka hailainiki tena kwa maji. Nililoweka kalamu siku tatu nikibadilisha maji asubuhi na jioni. Haikuandika tena. Bado ninayo mezani, na kila nikiitazama naumia. Wewe tafuta chupa iliyoandikwa kwamba ni wino wa kalamu za wino. Huo kwa kawaida ni maji na rangi tu, na hata ukikauka ndani, maji yataufungua.

Sasa rafiki yako. Usimsikilize, angalau kwa hili. Iwe nibu ya chuma au ya dhahabu, kinachogusa karatasi si chuma wala dhahabu, ni kipunje cha madini magumu sana kilichochomelewa kwenye ncha. Ulaini wa kuandika unatoka hapo, na kwenye jinsi kipunje hicho kilivyosuguliwa kiwandani. Dhahabu ina sifa zake, haipati kutu, lakini mkono unaokandamiza utakwaruza nayo vilevile.

Nami nadhani unakandamiza. Wote tuliolelewa na kalamu za gololi tunakandamiza, maana wino wake ni mzito na gololi haizunguki bila kusukumwa. Kalamu ya wino haifanyi kazi hivyo. Chini ya nibu kuna ulimi wenye vijia vyembamba. Wino hushuka humo wenyewe, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, huku hewa ikipanda kushika nafasi yake. Lewis Waterman wa Marekani alipata hataza ya ulimi wa namna hiyo mwaka 1884, na kalamu yako inafuata kanuni ileile. Kwa hiyo ncha ikigusa tu karatasi, wino umefika. Ukikandamiza, meno mawili ya nibu yanaachana, wino unapoteza njia, na kingo za meno zinachimba karatasi.

Jaribu hivi leo usiku. Shika kalamu kama unavyoshika kifaranga, ilale kiasi cha nyuzi 45 hadi 55, uso wa nibu ukitazama juu bila kupinda kushoto wala kulia. Andika jina lako mara kumi bila kuweka uzito wowote. Ikiwa bado inakwaruza, chukua kioo cha kukuzia utazame meno kwa mbele. Jino moja likiwa juu ya mwenzake, irudishe ulikoinunua. Usijaribu kulikunja mwenyewe, bado ni mapema.

Wino kukatika mara nyingi ni mafuta ya kiwandani yaliyobaki ndani. Pitisha maji ya kawaida yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kisha maji matupu mpaka yatoke safi. Maji ya moto hapana, yanapinda plastiki. Iache usiku kucha nibu ikitazama chini juu ya tishu.

Kuhusu daftari, hapo kalamu haina kosa. Karatasi yenye nyuzi legevu hunywa wino, na nibu nyembamba hunasa kwenye nyuzi hizo. Na usidanganywe na unene. Karatasi ya Tomoe River ya Japani ina gramu 52 tu kwa mita ya mraba, lakini imetengenezwa isinywe wino. Rhodia na Clairefontaine za Ufaransa pia ni nzuri. Ungeniuliza pesa inayofuata uitumie wapi, ningesema kwenye karatasi, kabla ya kalamu ya pili. Vumilia tu, juu yake wino huchelewa kukauka.

Jambo dogo: nibu nyembamba ya Kijapani kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya Ulaya iliyoandikwa F (nyembamba) hiyohiyo. Siku ukitaka mtelezo zaidi, jaribu M, yaani ya kati. Na ukinunua katriji, vile vibomba vya wino vilivyojazwa tayari, nunua za Pilot, za kampuni nyingine ya kalamu, Lamy, hazitaingia.

SWALI: Natumia mkono wa kushoto na kila mstari naufuta kwa kiganja. Niachane na kalamu za wino?
Msomaji wa mkono wa kushoto

JIBU: Usiache, tafadhali. Zungusha karatasi, upande wake wa juu uelekee kulia, ili mkono wako upite chini ya mstari badala ya kuufuata kwa nyuma. Chagua nibu nyembamba inayomwaga wino kidogo, na wino unaokauka haraka. Epuka nibu zilizokatwa bapa, kwa sababu wewe unasukuma pale wengine wanapovuta. Lamy wanatengeneza nibu maalumu yenye alama LH kwa ajili ya mkono wa kushoto, na inaingia kwenye kalamu yao iitwayo Safari bila shida.