Usiiwashe Kwanza: Kwa Anayetaka Kufufua Kompyuta ya Zamani

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amepata kompyuta ya 386 (aina ya zamani inayoitwa kwa jina la prosesa yake) iliyokaa stoo miaka mingi, na anauliza kama aichomeke tu kwenye umeme "aone kama inawaka". Nilimjibu kwa neno moja: usiwashe. Baadaye nikaona neno moja halitoshi, maana nawajua mnaosoma hapa. Mashine kama hiyo mnayo chini ya meza, au mnaisaka usiku na mchana.

Yangu niliipata ikiwa imeshahukumiwa. Fundi aliyekuwa nayo alisema ni chuma chakavu, labda mtu akwangue dhahabu kidogo kwenye pini zake. Nakiri maneno yale yaliniuma kupita kiasi, na sehemu kubwa ya bidii yangu ilitokana na hamu ya kumwonyesha.

Nilipofungua kasha, macho yalikwenda kwenye betri. Bao kuu nyingi za kompyuta za 286 na 386, na za 486 pia, zilibeba betri ya umbo la pipa, ya nikeli na kadimi, volti 3.6, ya kutunza saa na mipangilio ya BIOS, programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa. Ikizeeka huvuja. Kinachovuja si asidi kama wengi wanavyodhani, ni alkali, na ndiyo sababu dawa yake ni siki. Hupenya chini ya rangi ya ubao na kula njia za shaba, na kwa kuwa betri hiyo mara nyingi huwekwa jirani na tundu la kibodi, kibodi ndiyo huwa ya kwanza kuzira. Yangu ilikuwa imeota ukoko wa kijani na bluu. Niliikata, nikasugua kwa mswaki na siki, nikasuuza kwa maji safi, nikamalizia kwa spiriti na kuacha ubao ukauke kabisa. Kisha nikashika mita ya umeme, inayolia njia ikiwa nzima, na kufuata njia moja moja nikisikiliza mlio. Palipokuwa kimya nililehemu uzi mwembamba wa waya. Kazi ile ilichosha na haina hadithi, tuiruke.

Kama ningeiwasha kwanza, umeme ungepita juu ya uchafu huo wote. Ndiyo maana narudia: usiiwashe kwanza. Na ukibadilisha betri, usibandike CR2032, ile betri ya umbo la kitufe, hivihivi. Ubao umezoea kuichaji betri yake, na CR2032 haichajiwi. Weka dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) katikati, au tumia pini za betri ya nje kama ubao wako unazo.

Pawa saplai nayo pimwa kabla haijagusa ubao, ikiwa na mzigo fulani, kwa sababu nyingi za zamani hazitulii zikiwa tupu. Usiifungue kama hujui kapasita zake zinahifadhi umeme kiasi gani. Mimi niliiweka kando ile ya asili nikaunga ya kisasa ya ATX kwa adapta. Plagi za umeme za ubao wa AT, mtindo wa zamani kabla ya ATX, ni mbili, P8 na P9, na nyaya nyeusi lazima zikutane katikati. Ukizigeuza, umeua ubao kwa mkono wako. Pawa saplai mpya hazitoi volti hasi 5, ila bao nyingi haziihitaji. Wanaoisikia njaa ni baadhi ya kadi za sauti.

Sasa tufike mahali niliposhambuliwa. Diski ngumu yake ilikuwa inalia kama mlango wenye kutu, nikaweka mahali pake kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash. Kadi hizo huzungumza lugha ileile ya IDE, ya diski ngumu za enzi hizo, hivyo adapta yake haina akili yoyote, ni kuunganisha pini tu. Nilipotangaza kwa furaha kwamba mashine imewaka, wenye mashine safi za asili walinivamia. Nimeua roho yake. Nimetengeneza sanamu. Mmoja aliniita mchinjaji. Watu hao nawaheshimu kwa ujuzi wao, lakini wengi wao mashine zao haziwaki! Kompyuta ilitengenezwa ifanye kazi. Kama kipande kinachozunguka kimechoka, kuweka kingine si dhambi, na anayeogopa kusemwa asishike kichomeleo kabisa. Nawaambia hasa vijana: msingoje ruhusa ya wakubwa wa mambo haya.

Ukichagua kadi, usichukue kubwa kwa tamaa. BIOS ya enzi hizo huihesabu diski kwa mafungu yake: silinda 1024, vichwa 16 na sekta 63 za baiti 512, basi. Ni kama megabaiti 504, na zaidi ya hapo haioni. Njia ya kuvuka ukuta huo ni XTIDE Universal BIOS, programu ya bure unayoiandika kwenye chipu ya ROM (kumbukumbu ya kudumu) na kuichomeka katika tundu la ROM la kadi ya mtandao. Nilipoona menyu yake ikitokea nilipiga kelele hadi majirani wakasikia. Sikujali.

Kadi hiyo ya mtandao ndiyo fahari yangu. Tafuta ya ISA (aina ya nafasi ya kadi ya enzi hizo) inayofuata NE2000, mtindo wa kadi ulioigwa sana, na yenye tundu la kebo ya kawaida ya mtandao. Swichi nyingi za leo bado zinakubali kasi yake ya megabiti 10. Pakia draiva yake ya pakiti, kisha mTCP, programu za mtandao za Michael Brutman, na DOS yako, mfumo endeshi wa enzi hizo, inapata anwani, inafungua telnet (kuingia kompyuta nyingine kwa maandishi), inavuta na kusukuma faili kwa FTP. Mimi nahamisha faili kutoka kompyuta yangu ya kazi bila kugusa flopi. Kurasa za leo hazifunguki, kwa sababu usimbaji wake umemzidi 386 nguvu. Wasio na nafasi ya kadi hutumia modemu ya waifai kwenye poti ya siriali. Hapo tahadhari: poti hiyo inaweza kufika volti 12, na chipu ya waifai huishi kwa 3.3. Bila MAX3232, chipu ya kulinganisha volti hizo, katikati utanunua chipu nyingine.

Diski ngumu ya zamani usiitupe. Nakili data kama bado inasoma, andika namba zake za silinda, vichwa na sekta juu ya kibandiko, uifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli. Yangu imo humo na namba zake zote, ingawa yule aliyeniita mchinjaji hakuwahi kuuliza.