Usinunue risiva nane zenye saa nane

Usitume hiyo fedha. Umeandika kwamba unataka kupanga antena nane juu ya paa huko Nansio, kila moja na risiva yake ya USB, ili kompyuta ijumlishe mawimbi ya redio ya megahezi 1420 yanayotoka kwenye haidrojeni ya angani na kuelekeza mwale, yaani upande wa anga unaosikilizwa, bila kuzungusha chochote, na umeuliza kuhusu nafasi kati ya antena, kebo na programu. Mimi nilifanya vivyo hivyo hapa Kirumba, Mwanza, nikateketeza akiba ya mwaka mzima kwa risiva ambazo kila moja ilikuwa na kristali yake ya kuipigia mdundo, yaani saa yake yenyewe.

Muuzaji aliniapia kwamba, kwa kuwa kosa la kila kristali halizidi nusu sehemu kwa milioni, hazitapishana. Hakuniambia, na sijui kama alijua, kwamba nusu sehemu kwa milioni ya megahezi 1420 ni hezi 710, kwa hiyo risiva moja ikikosea kiasi hicho na nyingine isikosee, tofauti ya awamu kati yao (awamu ni mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake) huzunguka duara zima mara 710 kila sekunde. Safu ya antena huelekeza mwale kwa kusogeza awamu ya kila antena kwa kipimo kinachojulikana. Sasa utasogeza nini kisichotulia? Nilikesha siku tatu juu ya mabati nikilaumu minara ya simu na hata dagaa walioanikwa kwa jirani, na nilipomrudia yule bwana alinijibu kwamba ni unyevu wa ziwani.

Nilikuja kuelewa nilipogawa antena moja kwenye risiva mbili na kuchora tofauti ya awamu, ambayo ilipaswa kuwa mstari ulionyooka, lakini wangu ulizunguka kama pia. Risiva zote zipate mdundo kutoka kristali moja. Hata hapo, kila ukiwasha hubaki tofauti ya awamu iliyotulia, nayo utaipima na kuiondoa kwa kuingiza kelele ile ile ya redio kwenye risiva zote kwa pamoja kabla ya kuzirudisha kwenye antena.

Nafasi kati ya antena ni nusu ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 10.5 hivi.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akupigie picha ya tundu la kuingizia mdundo wa nje. Akikosa picha akaanza kukusomea sehemu kwa milioni, kata simu. Risiva za namna hiyo ninazo saba kwenye ndoo, na ya nane inanisomea taarifa ya habari vizuri sana.