Maswali ya Wasomaji: Vichaka vya Dodoma

Tupo vijana 20 wa mtaa mmoja. Tunataka kuingia kichakani mara moja kwa mwezi, tutembee na kuijua miti. Je, lazima tuombe kibali?
Msomaji, Dodoma mjini

Lazima. Pori linaloonekana halina mwenyewe, lina mwenyewe. Kama ni ardhi ya kijiji, mpelekeeni mtendaji wa kijiji barua wiki mbili kabla: siku, idadi yenu, njia mtakayopita. Mwombeni pia mjumbe wa kamati ya mazingira awasindikize. Msitu wa hifadhi wa serikali ni habari nyingine, huko mnaomba TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kundi la vijana lenye mapanga na lisilo na taarifa hudhaniwa wachoma mkaa, na hamtakuwa na la kujitetea.

Watu 20 kwenye mstari mmoja ni wengi, wa mwisho hasikii kitu. Gawanyikeni makundi mawili, kila moja na wa mbele anayeijua njia na wa nyuma mwenye filimbi. Ingieni saa 12:30 asubuhi, saa 3:30 muwe mmetoka. Kilomita 2 zinatosha. Mkienda 8 mtakuwa mmefanya mazoezi ya miguu tu. Kila mtu lita 2 za maji.

Kandambili ziacheni nyumbani, mwiba wa mgunga unapenya soli. Vaeni mikono mirefu ya rangi ya udongo. Nyeusi na bluu huwavuta mbung'o mahali walipo, na manukato huwachokoza nyuki. Suruali iingie ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Mkirudi, kagueni nyuma ya magoti na kiunoni. Kupe akishang'ata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja. Msimpake mafuta ya taa wala kumchoma.

Mtu akiumwa na nyoka porini, tumfunge kamba juu ya jeraha?
Msomaji, Kondoa

Hapana. Msifunge, msichanje, msinyonye. Kamba hukata damu na mguu unaweza kuoza, hasa sumu ikiwa ya kifutu. Mvueni pete, saa na kiatu kabla hajavimba, mlazeni atulie, fungeni mguu kwenye kijiti usicheze, mbebeni hadi hospitali. Nyoka msimfukuze ili mumpeleke akatambuliwe, maana mtarudi na wagonjwa wawili.

Nina wanafunzi wa darasa la tano. Kuanzia Julai miti yote ni mikavu. Nitawafundishaje bila majani?
Mwalimu, Bahi

Kiangazi ndicho kipindi kizuri, maana mtoto hana jani la kumdanganya. Mti wa jamii ya manemane hubanduka maganda membamba kama karatasi. Kwaruza kidogo kwa ukucha: chini yake ni kijani kibichi, mti uko hai. Mgunga una miiba ya aina mbili kwenye tawi hilohilo, mirefu myeupe iliyonyooka na mifupi iliyopinda kama ndoana, na chini yake huanguka maganda yaliyojikunja ambayo mbuzi huyagombea. Waokote mbegu. Yenye kitundu imeshaliwa na mdudu, iwekwe kando.

Mvua zikianza, kwa kawaida Desemba, warudisheni palepale watafute mbuyu mchanga. Hapo wengi hukosea. Mbuyu mkubwa una jani la vidole vitano hadi saba, lakini mche wake huanza na jani moja moja lisilogawanyika, kwa hiyo watu huufyeka pamoja na majani ya shamba, kisha hulalamika kuwa mibuyu haizaliwi tena. Mkiweza, mchukueni bibi mmoja mchuma mlenda atembee nanyi. Atajua mengi kuliko kitabu.

Tulipanda miche 200 ya mwarobaini mlimani. Mwaka wa pili imebaki minne. Tumekosea wapi?
Kikundi cha mazingira, Mpwapwa

Mlipanda mahali penye miti tayari. Mvua za mkoa huu ni chache, takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na zikikatika Aprili mche wa mzizi mfupi hauna pa kunywa. Kisiki kilichokatwa miaka kumi iliyopita kina mizizi ya mti mzima. Hiyo ndiyo maana ya kisiki hai, njia ya kukuza mti upya kutoka kwenye machipukizi ya kisiki chake, na gharama yake ni panga kali.

Fanyeni kazi hii mwishoni mwa kiangazi. Tafuteni visiki vya miti ya asili vyenye machipukizi. Kila kimoja bakizeni machipukizi 3 hadi 5, manene na yaliyonyooka, mengine yakateni chini kabisa. Yaliyobaki ondoeni matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu, si zaidi: mkiyanyoa hadi kileleni yatarefuka membamba na upepo wa Agosti utayalaza. Kateni kuelekea juu, karibu na shina. Panga butu hurarua gome, na hapo uozo hupata mlango.

Matawi ya miiba mliyokata yazungusheni kisiki, ndiyo uzio wenu dhidi ya mbuzi. Halafu fungeni kitambaa cha rangi kali kwenye chipukizi. Kitambaa hakimzuii mbuzi, kinamwambia jirani mwenye shoka kwamba mti huu una mtu. Kwa hiyo kabla ya kufunga, pitieni kwa wafugaji na wakata kuni wa eneo hilo muwaeleze. Vikundi vingi huiruka hatua hii, na visiki vyao hukatwa tena.

Baada ya miezi 3 rudini. Machipukizi mapya yatakuwa yamejaa chini, yaondoeni tena. Kwa kundi la watu 10, visiki 40 kwa asubuhi moja ni kazi ya kutosha.