Jibu: Kwa nini ethanoli ilishika Brazili, na mbono kaburi ukatushinda?

Ndugu, umeuliza kwa nini Brazili iliweza kuendesha magari kwa ethanoli (spiriti inayotengenezwa kwa miwa) ilhali miradi yetu ya mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kuendeshea injini, ilikufa mapema. Kwa maoni yangu, tofauti kubwa ni soko. Proálcool, mpango wa serikali ya Brazili wa kukuza ethanoli, ulipoanza Novemba 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla, tayari kulikuwa na mashamba ya miwa, viwanda vya sukari na kampuni ya taifa ya mafuta, Petrobras, ya kuifikisha ethanoli vituoni, huku serikali ikitoa mikopo nafuu na kupanga bei. Hata hivyo, mambo hayakunyooka: mwishoni mwa miaka ya 1980 mafuta ghafi yalikuwa rahisi, sukari ikapanda bei, wenye viwanda wakageukia kutengeneza sukari, na wenye magari ya ethanoli tupu wakaikosa ethanoli vituoni. Imani ya wanunuzi ilirejea tangu 2003, yalipoingia magari yanayokubali mchanganyiko wowote wa petroli na ethanoli.

Kwetu Tanzania, ardhi ilitangulia sera. Kampuni ya kigeni ilipewa zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe za kulima mbono kaburi kabla mwongozo wa serikali kuhusu nishati za mimea haujatoka mwaka 2010, kisha ikasimamisha kazi mwaka 2011. Aidha, mbono kaburi huvumilia ukame kweli, ila bila maji ya kutosha na rutuba mbegu zake huwa chache.

Mimi ningeanza kutengeneza ethanoli kwa molasi, yaani masalia mazito ya utengenezaji wa sukari, ya viwanda vya sukari kama Kilombero na TPC Moshi, kwa kuwa haihitaji ardhi mpya, ingawa watengenezaji wa vinywaji vikali nao wanaitaka.