Maswali ya Wasafiri: Nimpakate mtoto wa duma?

SWALI: Shikamoo, Babu. Kijana wangu anasoma Windhoek, Namibia, na Julai nakwenda kumtembelea. Rafiki yake kamtumia picha za mahali ambapo ukilipa unapewa mtoto wa duma umpakate, mnapigwa picha. Natamani, lakini moyo unasita. Unasemaje? – Mama Neema, Moshi

JIBU: Marahaba, mama. Kabla hujatoa hela, waulize hivi: mama yake huyu mtoto yuko wapi? Mtoto wa duma hukaa na mama yake kama mwaka mmoja na nusu akifundishwa kuwinda. Huyo anayepokezanwa na wageni kutwa nzima, nani atamfundisha? Akishakuwa mkubwa, porini hapawezi tena.

Mwambie kijana akupeleke Cheetah Conservation Fund, kituo cha kuhifadhi duma, kilomita 44 mashariki ya mji wa Otjiwarongo. Mtafiti wa duma Laurie Marker alikianzisha kituo hicho mwaka 1990, baada ya miaka mingi ya wafugaji wa Namibia kuwatega na kuwaua duma wakiwaona wezi wa ndama. Njia ni ya changarawe. Mimi nilipata pancha, tairi la akiba lipo, jeki hakuna! Kagueni gari kabla.

Pale humgusi duma. Nilisimama nje ya uzio nikitafuta ndege mtini, kumbe anayelia ni duma, "chiu, chiu", kama kifaranga aliyepotelewa na mama. Wengi wao waliletwa wakiwa yatima. Ili wasinenepe bure, hukimbizishwa wakifuata kitambaa kinachovutwa na mashine, na hapo hata kope usipepese.

Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya duma, nikarudi nikisimulia mbwa. Tangu 1994 kituo huwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki. Mbwa hulelewa zizini tangu mdogo, hulala na mbuzi, mpaka anawaona ndio ndugu zake. Duma akinyemelea, mbwa husimama akabweka. Duma kaumbwa kwa mbio, ugomvi hauwezi, basi huondoka zake. Mbuzi wamebaki, na bunduki imebaki ndani. Nasi tuliokulia Uchagani, kumzuia mbwa asile vifaranga vya jirani tu ni kesi!

Kituo kina mbuzi wake na huuza jibini ya maziwa yao. Kipande changu kiliisha kabla sijafika lami. Halafu beba sweta, mama. Asubuhi za Julai kule usizidharau kwa kusikia ni nchi ya jangwa.