Ranchi ya baba, mke wa siri na kijana aliyelelewa nyumbani

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Baba kafariki, kaacha ranchi na ng'ombe 160, mama yetu, kaka zangu wawili na mimi, wazazi wake walishatangulia. Kaka mkubwa ana karatasi ya baba inayosema ranchi yote ni yake isigawanywe. Baada ya msiba katokea mama mmoja na cheti cha ndoa na mtoto wa kiume, kumbe baba alioa kwa siri. Alafu kuna kijana baba alimchukua mchanga akamlea hapo hapo ranchini, tunapendana na anataka kunioa, kaka anasema huyo ni ndugu yetu, na juzi mama naye kasema eti aliwahi kumnyonyesha. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam binti yangu, Allah amrehemu mzee.

Karatasi ya kaka isikunyime usingizi. Mtume (s.a.w.) kasema hakuna wasia kwa mrithi, kwahiyo haifanyi kazi mpaka nyie wengine wote mridhie kwa hiari zenu, na kuridhia kwa kuogopa kaka atanuna sio kuridhia.

Huyo mama wa pili, kama ndoa ilikuwa na walii (msimamizi wa mwanamke kwenye ndoa) na mashahidi basi ni mke halali, kufichwa kwenu hakumpunguzii kitu, na mwanae ni ndugu yenu kwa baba, anarithi sawasawa na kaka zako. Najua mama yako kaumia, ana haki ya kuumia, ila maumivu hayafuti mrithi.

Sasa mgao. Mlipe madeni kwanza, na mahari ya wake kama kuna iliyobaki, ndo mgawane. Tuseme ng'ombe wamebaki wote 160: wake wawili wanagawana thumuni, moja ya nane, yaani 20, kila mmoja 10. Wanaobaki 140 ni wa watoto, wa kiume mara mbili ya wa kike (Surat An-Nisaa aya ya 11), wewe 20 na kaka zako watatu 40 kila mmoja. Watatu nimesema, sio wawili. Ardhi nayo kwa mafungu hayo hayo. Na ndama waliozaliwa tangu baba afariki na hela ya maziwa ambayo kaka anaipokea kila siku ni vya warithi wote, akitaka ujira wa kusimamia aseme mkubaliane, sio anajikatia mwenyewe kimya kimya.

Kijana wenu harithi, kulelewa hakumfanyi mtu mwana (Al-Ahzab aya ya 4 na ya 5), ila kama mzee alimwandikia wasia apewe, mradi usizidi theluthi. Na kwa sababu hiyo hiyo kulelewa nyumba moja peke yake hakuzuii ndoa, hapo kaka kakosea.

Kazi ipo kwenye kunyonya. Hili usilichukulie poa, maana Uqba bin Harith, sahaba wa Mtume, alishaoa kabisa, akaja mwanamke akasema niliwanyonyesha wote wawili, wewe na mkeo, na Mtume akamwambia atabaki naye vipi na limeshasemwa hilo, wakaachana. Kwahiyo kaa na mama yako peke yenu, kaka asiwepo, maana kwa kweli mimi nina wasiwasi kwanini kakumbuka leo. Muulize mama, kijana alikuwa hajatimiza miaka miwili alipomnyonyesha? Alinyonya mara ngapi, akishiba na kuachia mwenyewe? Kwa madhehebu ya Shafii zikifika 5 huyo ni kaka yako wa kunyonya, ndoa haipo tena milele, na mirathi bado hapati. Hanafi na Maliki wao hata mara moja inatosha, ndo maana mama akiapa kwamba alimnyonyesha ila idadi kasahau, mimi nakushauri uache, japo najua moyo utauma.

Akisema hapana, nilisema tu kwa kuwa kaka yako kaniomba, basi olewa. Na kaka mkubwa akigoma kukuozesha bila sababu ya kisheria, kaka yako wa pili nae ni walii, akigoma na yeye nendeni kwa kadhi.