Pensheni ipo, ubalozi hautoi barua

SWALI: Dada, salamu. Nina miaka 63, ni raia wa Uingereza. Nimeingia Chiang Mai, Thailand, kwa viza ya siku 90, ile ya Non-Immigrant O, na nataka kuongezewa mwaka mmoja kama mstaafu. Pensheni yangu inazidi baht 70,000 kwa mwezi, ila ubalozi wetu hauandiki tena barua ya kuthibitisha mapato. Karatasi za mfuko wa pensheni ninazo, zina mihuri. Hazitoshi?

JIBU: Kaka, salamu zimefika. Hazitoshi, na ni heri ulijue hilo sasa siku zako 90 zingali nyingi. Ubalozi wa Uingereza uliacha kutoa barua hizo mwanzoni mwa 2019, na wa Marekani vilevile. Tangu hapo uhamiaji wa Thailand wanataka kuziona fedha zenyewe zikiingia: baht 65,000 au zaidi kila mwezi, miezi 12, kutoka nje, katika akaunti yenye jina lako. Wewe ndio kwanza umefika, miezi hiyo huna.

Basi mwaka huu pitia akiba. Weka baht 800,000 katika benki ya huko, zitimize miezi 2 kabla ya kuomba. Kafungue akaunti wiki hii, kaka, usingoje! Ukishaongezewa mwaka, zisiguswe miezi 3, kisha zisishuke chini ya 400,000. Ni fedha nyingi mno kumlazimisha mstaafu azilaze, nami sioni haki yake, lakini ndiyo sheria.

Na pensheni uanze kuituma mwezi huuhuu, ili mwakani uombe kwa mapato. Tuma yote 70,000, maana ada na kushuka kwa pauni hula njiani, na mwezi mmoja uliopungua unaweza kukuharibia mwaka. Kinachowaponza wengi ni kingine: baadhi ya kampuni za kutuma fedha humalizia kupitia benki ya ndani, kitabu chako cha benki kikaonyesha fedha zimetoka Thailand kwenyewe. Kwa hiyo ukituma mara ya kwanza, nenda kachapishe kitabu uone. Bangkok Bank, kwa mfano, fedha za kutoka nje huziandika FTT. Usipoikuta alama hiyo, badili njia ya kutuma hapohapo.

Siku ya kuomba, chukua barua ya benki na kitabu kilichochapishwa asubuhi hiyo. Karatasi zako zenye mihuri zibebe pia. Afisa akiuliza fedha zinatoka wapi, mwonyeshe.